Mfano wa Klasi 59 upinde na kutembea, usiwe sanamu ya kabatini

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie mfano mpya wa garimoshi la mvuke la Klasi 59 unaojengwa hapa Mombasa kwa kipimo cha 1:32, yaani kila urefu umegawanywa kwa 32. Habari zake zimeenea, na sasa walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wa jua kali wanauliza vipimo. Wengine wameshaanza kukata bati. Furaha yetu haina kifani, maana garimoshi hili lilikuwa la njia yetu. Ila kila anayeanza na ajue jambo moja mapema: Klasi 59 ni la aina iitwayo Garratt, na mfano wa Garratt usiopinda kwenye kona ni sanamu tu. Ukiutengeneza mwili mmoja uliogandishwa juu ya ubao, hata upake rangi nzuri namna gani, umeacha nje siri yenyewe ya mashine.

Siri hiyo ni hii. Garratt ni injini mbili zinazotumia boila moja. Injini ya mbele ina magurudumu yake, silinda zake na tangi la maji. Ya nyuma vilevile, na tangi lake hubeba mafuta pamoja na maji. Kati yao pana fremu ndefu iliyobeba boila na chumba cha dereva, nayo imekalia injini hizo kwa egemeo moja kila upande, kama daraja lililolazwa juu ya nguzo mbili zinazogeuka. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila liliweza kunenepa na sanduku la moto likawa pana na lenye kina, ilhali uzito umetawanywa kwenye ekseli nyingi. Reli nyembamba yenye kona nyingi ikapata mashine kubwa. Aliyeubuni mpango huo ni mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kikatoa garimoshi la kwanza la aina hiyo mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Reli yetu ilipokea Garratt zake za kwanza mwaka 1926.

Magarimoshi ya Klasi 59 yalitengenezwa 34, mwaka 1955 na 1956, na kiwanda hicho hicho, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Hakuna reli ya upana wa mita moja popote duniani iliyopata kuwa na garimoshi la mvuke zito au lenye nguvu kuyapita haya. Uzito wake tani 252 za Kiingereza (kilo 256,000 hivi), urefu mita 31.74, silinda nne za inchi 20.5 kwa 28, presha ya boila ratili 225 kwa inchi mraba, na nguvu ya kuvuta ratili 83,350. Kazi yake kuu ilikuwa kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hapa kwetu, kupanda Mazeras na Mariakani, kupita Voi, hadi Nairobi: kilomita 530 hivi, na zaidi ya mita 1,600 kwenda juu, kwenye miinuko ya asilimia 1.5. Ekseli ni 14, magurudumu 28, na kati ya hayo 16 ni ya kusukuma, manane kila injini.

Sasa kipimo. Tumechagua 1:32 kwa sababu inaondoa shida ya njia. Mita moja ukiigawa kwa 32 unapata milimita 31.25, na reli za mifano za milimita 32 zinapatikana. Tofauti ya robo tatu za milimita haionekani kwa jicho. Urefu wa garimoshi unakuwa milimita 992, karibu mita moja kamili, kwa hiyo hata mtoto wa shule anakumbuka. Asiye na nafasi atumie 1:87 kwenye njia ya milimita 12, na mfano wake utakuwa na urefu wa milimita 365. Mwenye uwanja atumie 1:22.5 kwenye njia ya milimita 45, apate garimoshi la mita 1.41. Tunawasihi vijana wasinunue reli za milimita 16.5 za seti za kawaida za 1:87. Hizo ni za upana wa mita 1.435, yaani za SGR. Garratt ya Mombasa ikiwekwa juu yake inasimama miguu wazi, na kila aliyewahi kuiona picha yake atajua kuna kitu hakikukaa.

Anza na magurudumu. Wengi huanza na boila kwa sababu ndilo linalopendeza, halafu wanakuta magurudumu hayaingii chini yake. Gurudumu la kusukuma lilikuwa la futi 4 na inchi 6, hivyo kwa 1:32 ni milimita 43 kwenye uso unaokanyaga reli, mbali na ukingo. Mpe mkereza kazi ya magurudumu 16 kwa mkupuo mmoja, kutoka fito moja ya chuma au shaba ya njano, asibadilishe mkao wa kisu katikati ya kazi. Ukingo usimame milimita 1.5. Nafasi kati ya mgongo wa gurudumu la kushoto na la kulia iwe milimita 29, nayo ipimwe kwa kipande cha chuma kilichokatwa kwa kipimo hicho, si kwa rula. Ikizidi, gurudumu linapanda juu kwenye makutano ya njia, ikipungua, linatumbukia.

Ekseli ziwe za fito ya chuma cha pua cha milimita 5. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: fito ya chuma cha kawaida iliyokaa bila mafuta msimu mmoja wa mvua inashika kutu ndani ya bushi, na mota inaungua ikilazimisha. Bushi ziwe za shaba ya njano.

Mahali panapotaka subira kuliko pote ni kwenye fimbo za kuunganisha magurudumu. Mwendo wa pistoni ulikuwa inchi 28, hivyo pini ya fimbo ikae nusu ya hapo kutoka katikati ya gurudumu, yaani milimita 11.1. Ukipata 11 au 11.2 si neno, mradi pini zote 16 zifanane. Tengeneza kielekezi cha chuma chenye tundu mbili, kimoja cha ekseli na kimoja cha pini, utobolee magurudumu yote humo. Vilevile usitoboe fremu peke yake na fimbo peke yake. Funga bamba mbili za fremu pamoja na fimbo zake kwa jiriwa, za shaba ya njano ya milimita 2, utoboe kwa keekee ya kusimama, pigo moja. Hapo umbali wa tundu za fimbo na umbali wa ekseli hauwezi kuhitilafiana.

Kisha kuna suala la robo mzunguko. Pini za upande mmoja zitangulie za upande wa pili kwa digrii 90, na ekseli zote nne za injini moja zifuate hivyo hivyo. Ekseli moja ikipotoka digrii mbili tatu, fimbo zinabana kila gurudumu linapozunguka, na mfano unatembea kwa kuchechemea. Dawa ambayo wengi hukimbilia ni kupanua tundu za fimbo kwa tupa. Inaficha ugonjwa kwa wiki moja, baadaye fimbo zinagonga na pini zinalegea. Afadhali uvue fimbo zote, urudishe ekseli mbili kwanza, usukume kwa kidole juu ya kioo. Zikienda laini ongeza ya tatu, kisha ya nne. Ile inayoleta mkwamo ndiyo yenye kosa, uigeuze hiyo peke yake. Ekseli mbili za katikati ziachiwe kucheza nusu milimita kushoto na kulia, la sivyo magurudumu manane yaliyonyooka hayatakubali kona.

Boila ndilo lililotushangaza kwa wepesi wake. La kweli lilikuwa na kipenyo cha futi 7 na inchi 6, na juu yake koti la kuzuia joto. Bomba la PVC la milimita 75 la duka la vifaa vya maji, ukilizidisha kwa 32, linatoa mita 2.4, sawa kabisa na boila lililovishwa koti lake. Lisugue lote kwa msasa namba 240 kabla ya rangi, na ulifute kwa spiriti, kwa kuwa PVC inayong'aa haishiki praima. Rangi itabanduka kama ganda mara ya kwanza utakapoligusa kwa jasho la mkono. Mikanda ya koti ni vipande vya bati jembamba la shaba, upana wa milimita 2.

Ndani ya bomba hilo weka betri. Seli tatu za lithiamu za aina ya 18650 zikiunganishwa mfululizo zinatoa volti 11.1, na zikijaa 12.6. Lazima ziwe na bodi ya kuzilinda. Seli za laptopu mbovu zinatumika, ila zipimwe moja moja. Zikiwa na nguvu tofauti, iliyo dhaifu inaisha mapema na kuharibika, na seli ya lithiamu iliyoharibika ndani ya bomba la plastiki ni moto unaosubiri. Hapa tuseme wazi na kwa uzito: bomba hilo lisipitishiwe mvuke hata siku moja. Anayetaka mfano wa mvuke wa kweli anahitaji boila la shaba nyekundu lililolehemiwa kwa fedha, lililopimwa kwa maji hadi mara mbili ya presha ya kazi, mbele ya mtu anayejua. Hiyo ni kazi nyingine, wala si ya kuanzia.

Egemeo. Tumeona mifano mizuri ikianguka njiani kwa sababu ya kitu hiki. Kila injini ina bolti moja ya milimita 6 inayosimama katikati ya fremu yake, na fremu ya boila inaikalia. Ukizibana bolti zote mbili zigeuke tu bila kuyumba, umeifanya mashine iwe meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu: reli ikiinuka milimita moja upande mmoja, gurudumu la upande wa pili linaning'inia, na kwenye kona linatoka. Egemeo la nyuma libanwe, ligeuke kulia na kushoto tu. La mbele likalie washa iliyochongwa mviringo juu, ili injini ya mbele iweze pia kulala upande. Funga nati mbili juu ya kila bolti, ya pili ikibana ya kwanza, na katikati uweke washa ya nailoni. Ukikaza mno, injini inakataa kurudi katikati baada ya kona. Ukilegeza mno, boila linatikisika.

Nyaya za umeme zipite karibu kabisa na bolti hiyo, mahali ambapo mwendo ni mdogo, zikiwa na kitanzi kidogo. Tumia waya wa nyuzi nyingi wenye ganda la silikoni. Waya wa uzi mmoja unakatika ndani ya ganda baada ya kupinda mara nyingi, na utatafuta ubovu kutwa nzima bila kuuona. Inapendeza kwamba mafundi wa garimoshi lenyewe walikuwa na shida ya ukoo mmoja: mvuke ulipaswa kutoka kwenye boila lililotulia kwenda kwenye injini zinazogeuka, hivyo mabomba yakapewa viungo vinavyozunguka karibu na egemeo, navyo vilitaka kuangaliwa kila mara.

Kila injini iwe na mota yake. Tumia mota ya volti 12 yenye gia, mizunguko 200 kwa dakika. Kwa gurudumu la milimita 43 hiyo ni mwendo sawa na kilomita 52 kwa saa za garimoshi la kweli, unaotosha kwa treni ya mizigo. Nguvu ya kusokota isipungue kilo-sentimita 4 (kg·cm) kwa kila mota. Mota ikae juu ndani ya tangi, maana kati ya bamba za fremu haienei, ishuke kwa gia hadi ekseli moja. Fimbo zitazungusha zilizobaki. Nunua mota mbili za aina moja kutoka duka moja. Zikitofautiana mwendo, moja inasukuma na nyingine inaburutwa, na magurudumu yanateleza hata bila mzigo.

Uzito nao una hesabu yake. Tani hizo 252 za Kiingereza ukizigawa kwa 32 mara tatu, yaani kwa urefu, upana na kimo, unapata kilo 7.8. Bila uzito huo magurudumu yanazunguka bure. Jaza vipande vya risasi ndani ya matangi, juu ya ekseli za kusukuma, si ndani ya boila pekee. Garimoshi la kweli nalo lilibeba maji yake juu ya magurudumu, galoni 8,600 yakijaa, na maji yalipopungua mshiko ulipungua. Mzigo wa tani 1,200 kwa kipimo hiki ni kilo 37 hivi, na hatushauri mtu auvute wote kwenye mwinuko: theluthi mbili tu ya uzito wa mfano ndiyo iko kwenye magurudumu ya kusukuma, na mshiko wa gurudumu kwenye reli kavu ni kama moja ya tano ya hapo, yaani kilo moja hivi ya kuvuta. Kilo 20 za mabehewa kwenye mwinuko wa milimita 15 kwa kila mita moja zitapanda vizuri. Na mwinuko huo ndio ule ule wa asilimia 1.5. Wanafunzi wakiona magurudumu yakiteleza hapo reli ikiwa na unyevu, watafahamu kwa nini madereva walihitaji mchanga wa kumwaga juu ya reli.

Mambo mawili ya sura hukosewa mno. La kwanza, makaa ya mawe. Klasi 59 lilichoma mafuta mazito. Hakuna rundo la makaa, hakuna koleo, hakuna behewa la makaa nyuma yake. Nyuma ya chumba cha dereva ni tangi. La pili, dohani. Yalipotoka kiwandani yalikuwa na dohani ya mviringo. Baadaye yakawekewa ile ya Giesl, nyembamba na ndefu kutoka mbele kwenda nyuma. Chagua mwaka wa mfano wako kwanza, kisha dohani. Rangi ni damu ya mzee, juu ya praima nyekundu, mipako miwili myepesi. Ukipuliza asubuhi ya mvua hewa ikiwa na unyevu, rangi inatoka na ukungu mweupe.

Yaliyohifadhiwa ni mawili, namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, yote kwenye Jumba la Makumbusho la Reli, Nairobi. Majina yalitoka kwenye milima ya Afrika Mashariki yote. Gelai iko karibu na Ziwa Natron na Shengena ni kilele cha Upare. Anayekwenda kupima abebe utepe wa kupimia wa mita 5, chaki na ubao wenye alama za sentimita wa kusimamisha ndani ya kila picha. Apige picha akiwa mkabala na kitu, mbali kadiri awezavyo, kwa kuwa picha ya karibu inanenepesha katikati na kupunguza ncha. Umbali kati ya egemeo mbili upimwe mara mbili, kutoka kushoto na kutoka kulia. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kona: umbali huo ukiwa milimita 400 kwenye mfano, na kona ina nusu kipenyo cha mita 1.5, katikati ya boila inasogea ndani milimita 13. Kata kadibodi ya umbo la boila uijaribu njiani kabla hujakata chuma.

Wenye printa za 3D wana nafasi kubwa katika kazi hii, hasa kwa matangi na chumba cha dereva. Wasitumie plastiki ya PLA. Inalainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na ndani ya gari lililofungwa juani au kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana, tangi litabonyea. PETG inavumilia zaidi, ASA zaidi ya hapo.

Tunamalizia na wale wanaopanga kuuweka mfano wa namna hii shuleni au mahali pa umma. Msijenge kabati la mita moja la kuuhifadhi umesimama. Tengenezeni ubao wa mita 4 kwa mita 1, plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa vanishi pande zote mbili pamoja na kingo, kwa sababu iliyopakwa juu tu inabetuka kwa unyevu wa hapa. Wekeni njia iliyonyooka mita 1.25 kila mwisho, na katikati kona mbili zinazopishana, kila moja digrii 30 yenye nusu kipenyo cha mita 1.5. Njia itahama sentimita 40 kutoka upande mmoja hadi wa pili, garimoshi zima litaenea likiwa limesimama kila mwisho, na mtazamaji akibonyeza swichi ataona injini ya mbele ikigeukia kushoto wakati ya nyuma bado inatoka kulia. Swichi iwe ya kubonyeza na kushikilia, ikiachiwa izime, na kila mwisho wa njia pawe na kizuizi cha mpira.

Wapenzi wa mifano ya magarimoshi,
Mombasa